Feni ya ThinkPad inayowaka na kuzima kila mara: namna ya kuipangia joto kwenye Linux

Swali: Habari za kazi, kaka. Natumia ThinkPad T480 niliyonunua ikiwa imeshatumika, ina prosesa ya i5-8250U, na nimeweka Linux Mint. Niko Tanga, chumba changu hakina kiyoyozi. Ninarekodi masimulizi ya sauti nyumbani, na feni ndiyo inayonitesa: inawaka, inazunguka nusu dakika, inazima, halafu inaanza tena, hata kama nimefungua maandishi tu. Maikrofoni inanasa yote. Nimejaribu pwmconfig ikasema hakuna feni inayoweza kudhibitiwa. Tena nimeona acpitz imewekewa kiwango cha hatari cha nyuzi 128, nikashtuka. Je, nikishushe hadi 80? Ninachotaka ni feni inyamaze mpaka joto lifike nyuzi 65 ndiyo ianze. Inawezekana?

Jibu: Inawezekana, ndugu yangu, na umebahatika kuwa na ThinkPad, kwani ni miongoni mwa laptopu chache ambazo Linux ina njia rasmi ya kuigusa feni yake. Lakini hiyo 65 iweke pembeni kwanza. Kwa kazi yako naona unatafuta kimya, kumbe unachohitaji zaidi ni feni isiyobadilika-badilika. Nitaeleza kwa nini, kisha tutaandika faili lenyewe.

Tuanze na 128, maana hiyo ukiichezea itakuletea balaa. acpitz ni eneo la joto ambalo BIOS (programu ya ndani inayoamsha kompyuta) inalitangaza kwa kerneli, yaani kiini cha Linux. Hiyo 128 ni kiwango ambacho kerneli ikikisoma inaizima mashine hapo hapo, haina habari na feni. ThinkPad nyingi hutangaza namba hiyo hiyo, na katika matumizi ya kawaida haifikiwi. Ulinzi wa kweli umo ndani ya prosesa: i5-8250U ina ukomo wa nyuzi 100. Ikikaribia hapo inajipunguza kasi yenyewe bila kuiuliza Linux, na joto likiendelea kupanda hata baada ya hapo, inakata umeme. Sasa fikiria ungefanikiwa kushusha 128 iwe 80 (faili hizo kwa kawaida ni za kusoma tu, lakini tuseme ungefanikiwa). Ungekuwa na mashine inayojizima katikati ya simulizi kila prosesa inapopata kazi nzito kidogo. Iache ilivyo.

Kuhusu pwmconfig, hiyo ni ndugu wa fancontrol, programu za kupanga kasi ya feni, na zote mbili zilikusudiwa zaidi kompyuta za mezani, ambazo ubao mama wake unaonyesha feni kwa kerneli waziwazi. Kwenye laptopu anayeendesha feni si Linux. Ni kidhibiti kidogo kilichochomelewa kwenye ubao mama, kwa kifupi EC, ambacho pia ndicho kinachoshughulika na betri, kibodi na kitufe cha kuwashia. Kinafanya kazi hata Linux ikiganda, na kina jedwali lake la joto lililowekwa kiwandani. Linux inaweza tu kukiomba. Kwenye ThinkPad maombi hayo hupitia moduli (kipande cha kerneli) inayoitwa thinkpad_acpi, nayo kwa usalama imefungwa: unaweza kuona kasi ya feni lakini huwezi kuamuru chochote mpaka uifungue mwenyewe. Ndiyo maana pwmconfig ilirudi mikono mitupu.

### Pima kwanza, saa nane mchana

Hapa ndipo wengi huruka. Mtu anatafuta faili la mpangilio lililoandikwa na mwenye T480 mwenzake, analibandika, kisha anashangaa feni inafanya vituko vilevile. Kwa nguvu ileile ya umeme na kasi ileile ya feni, joto la prosesa hupanda sambamba na joto la chumba, takribani nyuzi moja kwa nyuzi moja. Aliyeandika faili lile huenda alikuwa Ujerumani kwenye chumba cha nyuzi 20. Wewe mwezi wa pili Tanga una 32. Laptopu yake ikipumzika kwenye 40, yako, ikiwa sawa kwa kila kitu, itapumzika karibu na 52. Faili lake likisema feni izime chini ya 50, kwako haizimi. Likisema iwake 52 na izime 49, kwako itawaka na kuzima mchana kutwa.

Na jedwali la kiwandani lina shida hiyohiyo. EC haijui kama iko Tanga au Lushoto kwenye baridi. Kuna uwezekano mkubwa kwamba laptopu yako imezima feni, ikapanda nyuzi mbili tatu, ikagusa kiwango cha kuwashia, feni ikaishusha, ikazima tena. Hata pasi ya umeme ina akili kuliko hapo: ikishawaka haizimi mpaka ipande vya kutosha, na ikishazima haiwaki mpaka ishuke vya kutosha. Nafasi kati ya kuwasha na kuzima ndiyo inayoleta utulivu, na kwenye mashine yako nafasi hiyo ni finyu mno kwa chumba chako.

Kwa hiyo pima. Weka vifaa kwa kuandika hii kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri):

```
sudo apt install lm-sensors stress-ng thinkfan
```

thinkfan, programu itakayoamuru feni, ikilalamika wakati wa kuwekwa kwamba imeshindwa kuanza, usijali, bado hatujaiandalia faili lake. Kisha:

```
watch -n 2 sensors
```

Utaona orodha ndefu. Mstari wa kushika ni "Package id 0" chini ya coretemp, huo ni prosesa nzima kwa ujumla. Mistari ya Core 0 hadi Core 3 ni viini vyake kimoja kimoja. fan1 chini ya thinkpad ni kasi ya feni kwa mizunguko ya dakika moja. iwlwifi ni kadi ya Wi-Fi, na nvme, ukiwa na diski ya aina hiyo, ni diski.

Pima mara tatu, dirisha likiwa kama unavyoliacha siku zote na laptopu ikiwa mezani, si kitandani. Ya kwanza ni laptopu ikiwa imewaka bila kazi kwa robo saa. Ya pili ni ukiwa kwenye kazi yako halisi, programu ya kurekodi imefunguliwa. Ya tatu ni chini ya mzigo wote:

```
stress-ng --cpu 0 --timeout 600s
```

Sifuri hapo ina maana ya kutumia viini vyote. Usiandike namba ya juu inayochomoza na kupotea. Vihisi vilivyo ndani ya prosesa vina wepesi wa ajabu: ukifungua ukurasa mmoja wa intaneti tu, joto linaweza kuruka nyuzi 10 au 15 na kurudi ndani ya sekunde chache. Andika namba ambayo joto *limetulia* hapo.

Baada ya jaribio la mzigo angalia pia hii:

```
cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/thermal_throttle/package_throttle_count
```

Ni idadi ya mara ambazo prosesa imejipunguza kasi kwa joto tangu mashine iwashwe. Isome kabla ya jaribio na baada yake. Ikiongezeka sana, feni haipati nafasi ya kunyamaza kwenye mashine hiyo, na faili lolote utakaloandika litakuwa la kupiga rangi ukuta wenye ufa. Vivyo hivyo kama bila kazi yoyote inatulia juu ya nyuzi 60 huku feni inazunguka. Hapo andika top kwenye terminali uone kama kuna programu inayokula prosesa kimyakimya. Kama hakuna, huenda tatizo ni vumbi, au pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa.

Laptopu iliyotumika, tena ikakaa pwani yenye unyevu na vumbi, mimi ningeifungua hata kama vipimo ni vizuri. Kwenye T480 kuna jambo la kufanya kabla ya bisibisi: ina betri mbili, moja ya nje na moja ya ndani, na ile ya ndani inaendelea kutoa umeme hata ukichomoa ya nje. Ingia BIOS kwa F1, nenda Config, kisha Power, chagua Disable Built-in Battery. Itaamka tena yenyewe utakapochomeka chaja. Ukipuliza vumbi kwa bloa, shika mapanga ya feni kwa kidole au kijiti yasizunguke, kwani kuyazungusha kwa kasi ya bloa kunaweza kuharibu feni. Vumbi baya zaidi huwa halionekani kwenye feni, limejibana kama blanketi kati ya feni na mapezi ya kupozea, upande hewa inakotokea. Pesti ya prosesa ikiwa imekauka na kuwa kama chokaa, ifute kwa spiriti na upake mpya. Fundi yeyote mzuri wa kompyuta anafanya hivyo mbele yako wakati unasubiri.

Ukiwa ndani ya BIOS, palepale kwenye Power, angalia pia Adaptive Thermal Management. Kama upande wa AC umewekwa Maximize Performance, weka Balanced. Halafu rudi kwenye vipimo vyako.

### Kuifungua feni

Ruhusu moduli kupokea amri:

```
echo "options thinkpad_acpi fan_control=1" | sudo tee /etc/modprobe.d/thinkpad_acpi.conf
```

Washa upya mashine. Kisha soma:

```
cat /proc/acpi/ibm/fan
```

Ukiona mistari inayoanza na "commands", umefanikiwa. Utasoma hapo kwamba feni ina ngazi 0 hadi 7, pamoja na auto, disengaged na full-speed. Auto ni kuirudishia EC madaraka. Sifuri ni kusimama kabisa. Saba ni ya juu kwa ngazi za kawaida, wakati full-speed inaiachia feni izunguke kadiri inavyoweza, na utashangaa jinsi inavyopita ya 7.

Sasa fanya jambo ambalo fundi wa kawaida hakuambii kwa sababu harekodi sauti. Kabla ya kupanga namba za joto, sikiliza ngazi. Weka kwanza ulinzi wa muda, ili ukisahau feni ijirudie:

```
echo watchdog 120 | sudo tee /proc/acpi/ibm/fan
echo level 1 | sudo tee /proc/acpi/ibm/fan
```

Amri ya kwanza inasema: sekunde 120 zikipita bila kupokea amri mpya, feni irudi kwenye hali ya kawaida. Rekodi sekunde 20 za ukimya ukiwa ngazi ya 1, ngazi ya 2, ya 3, hadi uone ni wapi maikrofoni inaanza kulalamika. Iache maikrofoni mahali pake pa siku zote. Andika fan1 inasomekaje kwenye kila ngazi. Ukimaliza:

```
echo level auto | sudo tee /proc/acpi/ibm/fan
```

Nadhani utagundua kuwa ngazi ya 1, labda na ya 2, maikrofoni haizisikii au inazisikia kama mvumo mdogo usiobadilika. Na mvumo usiobadilika ni rahisi sana kuuondoa. Audacity, kwa mfano, inachukua kipande kidogo cha ukimya kama sampuli ya kelele, kisha inaiondoa kelele ya aina hiyo kwenye rekodi yote. Inafanya kazi vizuri pale kelele inapokuwa ileile mwanzo hadi mwisho. Feni inayopanda na kushuka haina sampuli moja. Ukiisafisha sehemu ilipokuwa chini, sehemu ilipopanda inabaki, au sauti yako inaanza kusikika kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Kwa hiyo feni inayozunguka polepole bila kukoma ni bora kwako kuliko feni inayonyamaza hadi 65 kisha ikalipuka.

Kuna sababu nyingine pia. Feni ya ngazi ya 1 inayozunguka wakati wote inazuia joto lisijilundike, hivyo mzigo mdogo ukija hakuna haja ya kupanda ngazi. Feni iliyozimwa inaacha kila kitu ndani kichemke pamoja: ubao, kadi ya Wi-Fi, diski, betri. Prosesa haiumizwi na nyuzi 65 wala 75. Ila diski nyingi za NVMe zimepangiwa kufanya kazi hadi nyuzi 70, na betri ya lithiamu huzeeka haraka zaidi kadiri inavyokaa kwenye joto. Wewe umeelekeza macho kwenye prosesa, ambayo kati ya vyote hivyo ndiyo ngumu kuliko vingine.

### Faili lenyewe

thinkfan kuanzia toleo la 1.0 inasoma faili la YAML. Ukikuta mtandaoni mfano wenye mabano ya duara kama (0, 0, 55), huo ni wa mtindo wa zamani, usiuchanganye na huu. Kwa YAML, nafasi mwanzoni mwa mstari zina maana, na tabo haikubaliki, tumia nafasi za kawaida. Fungua `/etc/thinkfan.yaml`:

```
sensors:
  - hwmon: /sys/class/hwmon
    name: coretemp
    indices: [1]

fans:
  - tpacpi: /proc/acpi/ibm/fan

levels:
  - [1, 0, 62]
  - [2, 55, 68]
  - [4, 61, 75]
  - [6, 67, 81]
  - [7, 73, 88]
  - ["level full-speed", 80, 32767]
```

Sehemu ya sensors inasema tusome kihisi cha kwanza cha coretemp, yaani Package id 0. Nimetumia jina badala ya njia kama hwmon4 kwa makusudi, kwani namba hizo zinaweza kubadilika kila unapowasha mashine, na thinkfan itakuja kusoma joto la betri ikidhani ni la prosesa.

Kila mstari wa levels una namba tatu: ngazi ya feni, joto la kushukia, joto la kupandia. Soma mstari wa pili hivi: ukiwa ngazi ya 2, joto likifika 68 panda ngazi inayofuata, likienda chini ya 55 rudi nyuma. Tazama jinsi mistari inavyopishana. Unatoka ngazi ya 1 ukiwa 62, lakini hurudi mpaka ushuke chini ya 55. Nyuzi saba hizo ndizo zinazokata ule mchezo wa kuwaka na kuzima. Ukiacha pengo, yaani joto la kushukia la mstari mmoja likawa juu kuliko joto la kupandia la mstari uliotangulia, thinkfan itakataa kuanza. Ukiacha nyuzi mbili itaanza, lakini utarudi ulikotoka. Zisipungue sita.

32767 kwenye mstari wa mwisho ni namba kubwa tu ya kumaanisha "hakuna ukomo". Mstari huo wa mwisho usiuguse. Vingine vyote virekebishe kwa vipimo vyako: joto la kupandia la mstari wa kwanza liwe nyuzi nne au tano juu ya lile ulilotulia ukiwa kwenye kazi yako halisi saa nane mchana. Mfano wangu unamfaa mtu aliyetulia kwenye 57 au 58. Ukiwa umetulia kwenye 63, basi weka 68, na usogeze mingine kwa kadiri hiyo. Ukiona inabidi usogeze hadi mstari wa kwanza upite 72, rudi kwenye vumbi na pesti.

Ukiwa na diski ya NVMe, iongeze chini ya sensors:

```
  - hwmon: /sys/class/hwmon
    name: nvme
    indices: [1]
    correction: [10]
```

thinkfan huangalia vihisi vyote ulivyoiorodheshea na kufuata kile chenye joto kubwa kuliko vyote. Hiyo correction inaongeza nyuzi 10 kwenye usomaji wa diski, ili diski ikifika 60 ihesabiwe kama prosesa iliyofika 70. Bila hivyo diski ingechemka kimya kimya huku thinkfan ikifuata prosesa kwa sababu tu namba yake ni kubwa zaidi.

Jaribu kwanza ukiwa unaiona:

```
sudo systemctl stop thinkfan
sudo thinkfan -n -c /etc/thinkfan.yaml
```

Kosa la uandishi litatajwa papo hapo. Isipolalamika, fungua terminali nyingine, anzisha stress-ng, na utazame sensors: feni ipande hatua kwa hatua, na mzigo ukiisha ishuke taratibu. Kama inapandishwa ngazi na vile vichomozo vya sekunde moja moja, ongeza `-b-5` kwenye amri, bila nafasi kati ya b na alama ya kutoa. Hiyo huipunguzia thinkfan pupa pale joto linaporuka ghafla. Usizidishe, kwani joto jingine linaloruka ghafla ni la kweli.

Ukiridhika, bonyeza Ctrl+C kisha:

```
sudo systemctl enable --now thinkfan
```

Jaribio la mwisho ni kuilaza laptopu kwa kufunga kifuniko, kuifungua baada ya dakika chache, kisha `systemctl status thinkfan`. Baadhi ya mashine hugoma hapo, na afadhali ulijue leo kuliko siku ya kazi. Kama umeweka TLP (ya kuokoa umeme) au thermald (ya kudhibiti joto) huna haja ya kuziondoa. TLP haigusi feni, na thermald kazi yake ni kubana nguvu ya prosesa. Usiweke tu programu mbili zinazoamuru feni moja.

Wenye laptopu nyingine wanaosoma hapa wasibandike haya. Dell nyingi zina moduli yake, dell_smm_hwmon, na programu ya i8kutils. HP nyingi hazionyeshi feni kwa Linux kabisa. Kuna nbfc-linux, ambayo inaandika moja kwa moja ndani ya EC kwa kufuata faili la modeli husika, na kama modeli yako haimo kwenye orodha yake, usikisie kwa faili la modeli inayofanana. Kuandika mahali pasipo penyewe ndani ya EC ni kugusa pia chaji ya betri na umeme. Kwa mashine hizo, kupunguza joto lenyewe kunalipa kuliko kuipigania feni.

Na hilo la kupunguza joto lenyewe linakuhusu wewe pia, ukifika wakati wa kurekodi. i5-8250U ina kasi ya msingi ya GHz 1.6 na inaweza kujipandisha hadi GHz 3.4, hali inayoitwa turbo. Kupanda huko ndiko kunakozaa vichomozo vya joto, na kurekodi sauti ya mtu mmoja hakuhitaji hata nusu yake. Zima turbo kabla ya kuanza:

```
echo 1 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo
```

Kwa watu wengi hilo peke yake linatosha kuiweka feni ngazi ya 1 muda wote wa kurekodi. Kama bado unataka kimya kabisa kwa simulizi fupi, tengeneza faili la pili, `/etc/thinkfan-rekodi.yaml`, lenye sensors na fans zilezile lakini levels hizi:

```
levels:
  - [0, 0, 70]
  - [2, 60, 76]
  - [7, 68, 32767]
```

Hapo ndipo ile 65 yako inapopata mahali pake, tena nimekuongezea tano. Iendeshe kwa muda unaorekodi tu:

```
sudo systemctl stop thinkfan
sudo thinkfan -n -c /etc/thinkfan-rekodi.yaml
```

Iache terminali hiyo wazi. Asubuhi mapema au usiku utapata kimya kirefu. Saa nane mchana huenda ukapata dakika chache tu kabla ya feni kuingia, na ikiingia haitatoka haraka. Ukimaliza, Ctrl+C, halafu rudisha kila kitu:

```
echo 0 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo
sudo systemctl start thinkfan
```

Uhariri na kutoa faili la mwisho fanya baada ya hapo, turbo ikiwa imewashwa, kwani kazi hizo zinahitaji kasi na maikrofoni imeshazimwa.